Butembo: watoto wa Kamango watembelea mji

Wanafunzi wa darasa la sita, wengi wao watoto wa familia zilizokimbia Kamango, walizunguka mji wa Butembo kwa miguu. Mwalimu alitangulia, mama mmoja akawa nyuma, akihesabu vichwa kila walipovuka barabara. Pikipiki za Butembo hazina huruma.

Walianzia kanisa kuu. Huko waliambiwa juu ya Askofu Emmanuel Kataliko, aliyeongoza jimbo la Butembo-Beni toka 1966 hadi 1997, kabla ya kutumwa Bukavu. Chuo kikuu cha UCG, kilichofunguliwa 1989, walipewa mwaka wake tu. Waliandika, kisha macho yakarudi kwa muuza maandazi.

Walipopumzika kivulini, msichana mmoja akauliza: “Mwalimu, na kwetu Kamango kuna nini cha kuonyesha wageni?”

Wenzake wakacheka. Mama hakucheka. Yeye alikuwa Kamango tarehe 11 mwezi wa saba 2013, ADF walipouvamia mji huo, na watu zaidi ya 60,000 wakakimbilia Bundibugyo, Uganda. Baadaye alirudi, akakimbia tena.

Mwalimu akachora mstari udongoni: mto Semuliki. Unatoka Ziwa Edward, unapita Watalinga, unaingia Ziwa Albert. Pale unapoanzia, Ishango, mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua mfupa wa sentimita kama kumi, umechongwa alama katika safu tatu. Una miaka kama 20,000. Wataalamu wengine wanasema ni hesabu, wengine wanabisha, lakini mtu aliyezichonga alikunywa maji ya mto huo huo.

“Tutaenda lini kuuona?” mvulana mmoja akauliza.

Mfupa hauko Ishango, uko Brussels, katika jumba la makumbusho. Na Ishango yenyewe imo ndani ya hifadhi ya Virunga. Mwalimu gani atapeleka watoto huko siku hizi?

Mama akaokota kijiti, akaweka nukta kando ya mstari, upande wa mashariki. “Hapa ndipo shamba letu la kakao.”

“Nani anavuna sasa?” yule msichana akauliza.

Mama hakujibu. Alisimama, akahesabu vichwa tena, kisha wakavuka barabara.