Kabla Injini Haijapata Moto

Simu za kununua gari huja usiku. Mtu ameonyeshwa gari mchana, amelipenda, fedha ziko mkononi au ziko njiani, ndipo anamkumbuka fundi. "Shikamoo fundi. Kuna Prado huku Tanga, njoo unitazamie." Kabla sijauliza bei wala mwaka, huuliza gari lenyewe linalala wapi, kwa sababu nataka nilikute limelala. Nataka nifike alfajiri, boneti ifunguliwe, niweke kiganja juu ya injini niikute baridi kama mtungi wa maji.

Mimi ni mtu wa Mwera, kusini ya mto Pangani. Ukivuka na kivuko kutoka mjini unashukia Bweni, halafu ni barabara ya vumbi na mikonge. Kikogwe ni jirani zetu. Huko ndiko mkonge wa kwanza wa nchi hii ulikopandwa mwaka 1893, miche 62 iliyofika hai kati ya elfu moja iliyoagizwa kutoka Florida. Mkonge huo ndio ulionipa ufundi. Mwaka 1979 niliingia karakana ya shamba nikiwa na miaka 17, kazi yangu ikiwa kuosha vyuma kwa dizeli na kushika taa wakubwa wakifanya kazi. Kulikuwa na matrekta, malori mawili, na Land Rover za mabwana shamba.

Land Rover ndiyo iliyonifundisha kulala chini ya gari. Bodi yake ni ya alumini, haishiki kutu, kwa hiyo gari la miaka ishirini bado linaweza kusimama mbele yako limenyooka kama la juzi. Chasisi lakini ni ya chuma. Upepo wa bahari unaipiga mwaka mzima, maji ya chumvi yanairukia pale kivukoni, na masika tope linaingia ndani yake kupitia matundu, linajaa na kukaa humo hata kiangazi kikifika. Chuma kinaliwa kuanzia ndani, na kwa nje huoni kitu.

Msimamizi wa karakana alikuwa na nyundo ndogo ya mpini wa mpera. Siku moja alitandika gunia, akalala chali, akaniita nilale pembeni yake. Akaanza kugonga chasisi kutoka mbele kwenda nyuma: ngo, ngo, ngo. Alipofika kwenye kipande kinachokingama nyuma kabisa, sauti ikafa. Akagonga tena kwa nguvu, nyundo ikazama. Alipoichomoa likatumwagikia vumbi jekundu na magamba ya kutu mapana kama vipande vya kifuu. Akajifuta macho akaniambia, "Mwanangu, injini tutaifungua na kuiunda. Hii ikioza, umenunua milango na viti." Nyundo ile aliniachia alipostaafu, na mpaka leo ninayo.

Miaka ya mwanzo ya themanini haikuwa miaka ya kuchagua magari. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha, fedha za kigeni hakuna, spea hazipatikani. Tulichonga bushi kwa mpira wa tairi kuukuu na kushona klachi kwa subira. Magari ya juu yalikuwa ya serikali, ya mashamba na ya misheni. Ilikuwa baada ya milango ya biashara kufunguliwa ndipo mitumba ya Japani ilipoanza kumiminika, na mtu wa kawaida, mwalimu, mvuvi mwenye mashua mbili, akaanza kuota Surf, Pajero na Prado. Nami nikahamia Tanga mjini, gereji ya chini ya mwembe, na watu wakaanza kuniomba niwatazamie.

Nilikosea vibaya mara moja, na kosa hilo nalibeba. Mwaka 2006 mwalimu wangu wa hesabu wa darasa la tano alistaafu, akataka gari kwa kiinua mgongo chake. Dalali alituletea Prado ya dizeli, injini ya 1KZ, saa saba mchana, jua la utosi. Gari lilikuja likiwa na moto. "Nimetoka nalo Muheza sasa hivi," alisema. Niligonga chasisi, ilikuwa nzima. Niliendesha, likavuta vizuri. Nikamwambia mwalimu achukue. Wiki ya tatu alipakia familia kwenda Lushoto, na kwenye kile kilima kirefu kinachoanza Mombo, sindano ya joto ikapanda, maji yakarudishwa juu, gari likasimama na mvuke ukitoka. Hedi ilikuwa na ufa.

Mtu asiyejua injini ile anahitaji kuelewa jambo hili. Hedi yake ni ya alumini na bloku yake ni chuma cha kusubu. Joto likizidi, havitanuki sawa. Ikichemka mara moja au mbili, hedi hupata ufa mwembamba kama unywele kati ya vali na vali. Gari litaenda bado, litavuta, litakupeleka Muheza na kukurudisha. Lakini likilala, maji huchuruzika usiku kuingia kwenye silinda. Ukiliwasha alfajiri linakohoa, linatetemeka kwa silinda moja, linatoa moshi mweupe mzito usiokwisha upesi. Shika mpira wa juu wa rejeta: ukiwa mgumu ndani ya dakika ya kwanza, maji yenyewe yakiwa bado baridi, basi hiyo ni pumzi ya silinda imepenya kwenye maji. Haya yote huwezi kuyaona kwenye injini iliyokwisha kupata moto, kwa sababu mpira huwa mgumu kwa kawaida na mfuniko wa rejeta hauguswi. Nilijua hivyo mwaka ule pia. Nilikuwa na haraka, na dalali alikuwa mcheshi.

Mwalimu hakunilaumu. Alinunua hedi nyingine, mimi nikaifunga bila malipo, na kila nati niliyoikaza niliikaza kwa uchungu. Tangu siku hiyo gari likija na moto nawaambia wenyewe: lifungeni, nitarudi kesho kabla ya jua. Anayekasirika kwa hilo amenisaidia.

Kuna jambo jingine hupenda kulitazama, nalo ni thamostati. Fundi wa huku, gari likimchemkia, cha kwanza anaitoa na kuitupa. Kwa hiyo ukifungua pale bomba linapoingia kwenye injini ukakuta patupu, gari limekwambia lenyewe kwamba liliwahi kuchemka. Muuzaji anaweza kuapa. Mahali pale patupu pameshasema.

Na kilomita? Sizitazami kwanza. Natazama mpira wa pedali ya breki, mahali kisigino kinapokaa kwenye zulia, ukingo wa kiti upande wa mlango. Kuna Surf nililetewa ikisoma 86,000. Ilikuwa safi, imepigwa polishi hadi ndani ya boneti. Lakini fundi wa Japani akibadilisha mkanda wa taimingi hubandika karatasi kwenye injini yenye tarehe na kilomita za siku ile. Maandishi ya Kijapani siyajui. Tarakimu nazijua. Nilifuta vumbi kwa kidole, na pale kwenye kona ya kifuniko pakasomeka 110,000. Nikamwita mnunuzi, nikamwonyesha kwa kidole bila kusema neno, na muuzaji akaanza kutafuta funguo zake mfukoni.

Watu huniuliza kwa nini wasiagize tu jipya jipya kutoka Japani. Wengi hawawezi, na kodi haiwasaidii: gari likizidi miaka kumi, serikali inaongeza asilimia 30 ya uchakavu juu ya ushuru wa kawaida. Ndiyo maana mtu wa Pangani atatafuta gari lililokwisha kulipiwa, la namba B au C, lililoishi hapahapa. Hapo ndipo nyundo yangu inapopata kazi, maana gari lililoishi Dodoma na gari lililoishi Raskazone hayalingani hata kama yameshuka meli moja. La bara humaliza bushi na shokapu kwa makorongo. La pwani huliwa. Nikikuta chasisi imepakwa rangi nyeusi mbichi wiki ya kuuzwa, nakwangua. Na RAV4, Harrier au X-Trail hazina chasisi ya kugonga; bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu, kwa hiyo huinua mazulia na kupapasa sakafu, kisha pale juu ya shokapu za mbele, maana kutu ya hapo si ya kuzibwa kwa pati.

Posho yangu ni ya kutwa, gari linunuliwe au lisinunuliwe. Dalali mmoja aliwahi kunisogezea bahasha chini ya meza ya chai. Niliirudisha mbele ya mteja, na tukaagiza maandazi mengine.

Mwaka jana binti wa kaka yangu, anayepika hotelini Ushongo, alinipigia. Suzuki Escudo ya 2002, iko Makorora. Tulifika kabla ya jua. Injini baridi. Maji ya rejeta safi, thamostati ipo. Aliiwasha mwenyewe, ikaitika mara moja, moshi mdogo ukatoka na kwisha. Mpira ukabaki laini mkononi mwangu. Nikatandika gunia, naye bila kuambiwa akalala pembeni yangu na gauni lake la kazi, nikampa nyundo. Alianza mbele. Ngo, ngo, ngo, hadi mwisho, kisha akarudia upande wa pili.

"Baba, zote zinalia sawa," alisema.

Jioni tulivuka na gari lake. Pale mtoni daraja la mita 525 lilikuwa linajengwa, lakini sisi tulipanda kivuko, na kwenye kushuka Bweni wimbi dogo likatupiga magurudumu. Tulipofika Mwera nilimwelekeza moja kwa moja kisimani. Alishika ndoo ya kwanza mwenyewe, akapiga magoti mchangani, akaanza kumwagia chini.