Wazee Watatu wa Kibenga

Msafiri atokaye Kigoma kwenda Bujumbura kwa barabara hupanda kwanza milima ya Manyovu, akavuka mpaka na kuingia Mugina, kisha akateremka hadi Nyanza-Lac ambako Ziwa Tanganyika humtokea tena, safari hii likiwa upande wake wa kushoto. Tangu hapo ziwa halimwachi. Atapita Rumonge penye michikichi mingi na madumu ya mawese yaliyopangwa kando ya njia; atapita Mugere penye jiwe la ukumbusho wa Livingstone na Stanley, waliolala mahali hapo mwezi Novemba 1871; na baada ya mwendo mfupi tu atakuwa amekwisha kuingia vitongoji vya kusini vya jiji. Kimojawapo ni Kibenga.

Kibenga si mahali ambapo wageni huenda kutazama. Upande wa mashariki milima imesimama nyuma ya jiji. Upande wa magharibi ni ziwa, na ng'ambo yake milima ya Kongo huonekana asubuhi kabla ya hewa kuingia ukungu wa joto. Mto Kanyosha huteremka kwa nguvu wakati wa masika, ukila kingo zake, na kumwaga matope ziwani pande hizo hizo. Nyumba nyingi zina kuta ndefu na malango ya chuma, na langoni hukaa mzamu, kama wanavyomwita mlinzi huko. Mgeni apitaye mchana hudhani kwamba mtaa mzima umelala. Kumbe nyuma ya malango hayo wamo wazee wengi waliokwisha kustaafu, ambao watoto wao wako kazini mikoani, ng'ambo, au katika jeshi na polisi.

Shughuli za kazi zilinifikisha huko mwaka 2025, nikakaa siku tisa. Ndugu msomaji, sikukusudia kuandika habari za wazee. Lakini kila jioni niliona lango moja likifunguliwa, viti vitatu vikitolewa nje na kupangwa chini ya mwembe, na wazee watatu, wanaume wawili na mwanamke mmoja, wakikaa kubishana hadi giza liingie. Siku ya tatu niliwaamkia. Siku ya nne nilikuwa nimekwisha kuletewa kiti.

Hapana budi kwanza nieleze habari za maji, maana ndiyo yaliyowakutanisha. Ziwa Tanganyika lina njia moja tu ya kutolea maji, nayo ni mto Lukuga uendao Kongo. Mito iingizayo maji ni mingi, na ule mkubwa wa kaskazini ni Ruzizi. Mvua zikizidi kwa miaka mfululizo ziwa hujaa polepole, na kupungua kwake ni polepole vile vile. Wenyeji wa ufukwe huo waliyaona hayo mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakayaona tena tangu mwaka 2020. Kufikia Aprili 2024 hali ilikuwa mbaya hata Serikali ya Burundi na Umoja wa Mataifa wakatoa kwa pamoja ombi la msaada. Katika Kibenga ya chini maji yaliingia uani, kisha vyumbani. Viboko, ambao kwa kawaida hutoka ziwani usiku kula majani, wakawa wageni wa bustani za watu. Alama ya maji bado niliiona katika kuta kadhaa, kimo cha kiuno cha mtu mzima.

Kijana akihamishwa na maji hubeba godoro lake akaanza upya kwingine. Mzee hubebwa yeye mwenyewe. Mmoja wa wale watatu, karani mstaafu wa bandari mwenye umri wa miaka 78, alikuwa akiishi katika nyumba ya mwanawe karibu na ziwa. Mwanawe ni askari jeshi, na maji yalipoingia yeye alikuwa Somalia. Itakumbukwa kwamba Burundi ilipeleka majeshi yake katika kikosi cha Umoja wa Afrika huko tangu Desemba 2007 hadi mwisho wa mwaka 2024, na kwamba askari aliyekwenda alikaa mwaka mzima, pengine na zaidi. Kijana yule aliletewa picha ya sebule yao kwa simu, viti vikielea. Askari aliye Jowhar atafanya nini kwa picha ya namna hiyo? Alimpigia dada yake aishiye Gitega, naye akaja kumchukua baba yao.

Gitega hakukosa kitu. Chakula kilikuwapo, dawa ya shinikizo la damu ilikuwapo, blanketi zilikuwapo, maana huko juu kuna baridi kuliko Bujumbura. Lakini binti na mumewe waliondoka alfajiri kwenda kazini, wajukuu wakaenda shule, na mzee akabaki na mtumishi aliyekuwa na kazi zake. Hakuna jirani aliyemjua. Hakuna aliyeweza kubishana naye juu ya mizigo ya kahawa iliyopitia Kigoma kwenda reli ya kati, au kumkumbusha jina la nahodha fulani. "Nilikula vizuri, mwanangu," aliniambia, "lakini nilikuwa nasahau maneno." Baada ya miezi mitano aliomba arudishwe Kibenga.

Arudishwe wapi, hali nyumba ina tope? Hapo ndipo alipojitokeza yule mama. Yeye ni mkunga mstaafu, mjane, mwenye nyumba ya vyumba vitano sehemu ya juu ambayo maji hayakuifikia. Watoto wake wanne wako ng'ambo, na vyumba vinne vilikuwa vikifagiliwa kila wiki bila ya mtu kulala humo. Alimpa karani chumba kimoja. Mwezi uliofuata akaja wa tatu, fundi cherehani mzaliwa wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa jiji hilo, ambaye alikuwa akikaa Kibenga kwa mwanawe polisi. Mwanawe alipohamishiwa Ngozi, mkewe na watoto wakamfuata. Mzee akakataa katakata kwenda mbali na rafiki zake.

Basi wakafanya taratibu zao, na taratibu hizo ndizo zilizonivutia, kwani hazikuandikwa na ofisi yoyote. Mwanajeshi hulipa mshahara wa mpishi. Polisi hulipa mzamu, na sharti lake ni kwamba mzamu awe mtu mwenye nguvu za kumnyanyua mzee aliyeanguka, si wa kusinzia langoni tu. Watoto wa mama hutuma fedha za umeme, maji na ukarabati. Fedha za chakula zinatoka kwa wazee wenyewe, kidogo kidogo, kila mtu kwa kadiri ya pensheni au akiba yake. Jambo hilo walilishikilia wao, ili kwamba mezani pasiwe na mgeni. Daftari la matumizi linaandikwa na karani, kwa mwandiko mzuri ajabu, na kila Jumamosi jioni husomwa kwa sauti.

Nisije nikampotosha msomaji akadhani kwamba hapo ni peponi. Ugomvi upo kila siku. Mkunga ametoa chumvi katika maharagwe kwa ajili ya shinikizo la damu la karani, na fundi, ambaye hana ugonjwa huo, hulalamika kwamba anaadhibiwa kwa kosa la mwenziwe. Sasa amewekewa kikopo chake cha chumvi, ambacho karani humwibia. Redio ni moja, na taarifa ya habari ya Kirundi hugongana na ile ya Kiswahili. Mwezi wa Ramadhani ulipofika, fundi aliamka saa kumi usiku kula daku na kuwaamsha wote kwa sufuria. Mama ni Mkatoliki wa kwenda misa ya asubuhi. Alisema kwamba kwa kuwa amekwisha kuamshwa, basi angalau apewe uji. Tangu siku hiyo wakawa wanakunywa uji wa ulezi pamoja saa kumi, mmoja kwa ajili ya kufunga na wawili kwa sababu ya kelele.

Mkono wa mkunga unaonekana kila mahali, na mama wa nyumbani ambaye ana mzazi mzee angejifunza mengi kwa kupita tu vyumbani humo. Sakafu ya bafu haina marumaru ya kuteleza; imepigwa saruji yenye mikwaruzo, na ukutani kuna gongo la mti lililokazwa kwa skrubu, la kushikia. Vitanda vimeinuliwa kwa matofali kufikia kimo cha goti, maana mzee huumia zaidi katika kuinuka kuliko katika kulala. Mazulia madogo yote yameondolewa. Tochi hukaa mto mmoja na kichwa, kwa kuwa umeme hukatika. Dawa za kila mtu zimo katika kikopo chenye rangi yake, na humezwa mezani mbele ya wenziwe, hivyo asahauye hukumbushwa, na ajifanyaye amesahau hukemewa.

Kilichowasumbua zaidi ya chumvi na redio ni maneno ya watu. Mtaani palisemwa kwamba wazee wale wametupwa. Mtoto mkubwa wa mama alipiga simu kutoka ng'ambo akiwa na hasira, akasema kwamba mama yake amegeuka mwenye nyumba ya wapangaji, na familia imeaibika. Dada yake karani hakumzuru kwa miezi mitatu. Nayaelewa maneno hayo. Kwetu, na kwao pia, mzee hukaa kwa mwanawe, na mwana asiyemweka mzazi wake nyumbani hutafutiwa jina baya. Lakini desturi hiyo ilikuwa na nguzo zake: shamba moja, uwanja mmoja, wakwe na wajukuu wanaoshinda nyumbani. Askari ahamishwaye kila baada ya miaka michache hana uwanja, ana kambi. Akimbeba baba yake kutoka kituo hadi kituo, humpa paa na kumnyang'anya watu. Mimi sioni aibu katika viti vile vitatu. Aibu ningeiona kama simu zingekoma na daftari likakosa majina ya watoto.

Kwetu Tanzania tuna makazi ya wazee yanayotunzwa na Serikali: Nunge kule Kigamboni, Kolandoto mkoani Shinyanga, Bukumbi karibu na Mwanza, na mengineyo, baadhi yake yalianza kwa ajili ya wagonjwa wa ukoma. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilitaka mzee atunzwe kwanza na familia na jamii yake, na makazi hayo yawe ya wale wasio na mtu. Zanzibar ina nyumba za wazee za Sebleni na Welezo, na tangu Aprili 2016 kila mzee aliyetimiza miaka 70 hupewa pensheni ya Serikali hata kama hakuajiriwa kamwe. Ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Kenya nayo tangu mwaka 2018 huwapa wenye miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 za huko kila mwezi.

Niliwaeleza wale watatu mambo hayo. Fundi, ambaye maisha yake yote alishona bila ya kukatwa senti ya pensheni, aliuliza mara mbili kuhusu Zanzibar, akataka kujua kama mtu wa Buyenzi mwenye babu wa Unguja anaweza kuandikishwa. Mkunga aliuliza jambo jingine: katika makazi hayo, nani huwaamulia wazee saa ya kuzima taa? Nilipomwambia kwamba panakuwa na msimamizi, alitikisa kichwa na kusema kwamba msimamizi ni mtu mwema lakini hakuzaliwa mwaka mmoja na yeye.

Jumapili ya mwisho mwanajeshi alikuja, amekwisha kurudi kutoka Somalia, akiwa na watoto wawili na furushi la samaki aina ya mukeke. Alivua viatu langoni, akawaamkia wote watatu kwa adabu ile ile, fundi akiwa wa kwanza kwa kuwa alikuwa karibu na mlango. Kisha akaingia jikoni kukagua kama gesi inavuja. Dada yake wa Gitega alikuwa amemtuma blanketi, ambayo karani aliipokea kwa kunung'unika na kujifunika papo hapo, ijapokuwa joto la mchana lilikuwa kali.

Nilipoondoka palikuwa na shauri ambalo halijakatwa. Mzee mmoja wa Kinindo, mwalimu mstaafu aliyefiwa na mkewe, alikuwa ameomba chumba cha nne. Mwanawe, askari polisi, alikuwa tayari kulipia gesi. Karani aliunga mkono kwa sababu mwalimu angeweza kusaidia kuhakiki hesabu za daftari. Mkunga alitaka kwanza aone vyeti vyake vya hospitali. Fundi, ambaye chumba chake kinapakana na hicho, alisema kwamba hana kipingamizi chochote, ila aletwe kulala usiku mmoja wa majaribio, ijulikane kama anakoroma.