Nyuma ya Picha

Wengi mnatujua kwa magauni na mabaibui. Leo tuzungumze biashara yetu ya pili, postikadi za zamani za Unguja.

Sisi ni mtu na wifi yake, duka moja, vyerehani viwili, Mji Mkongwe. Miaka minne nyuma tulinunua boksi la postikadi kwenye nyumba iliyokuwa ikihamwa. Zilikuwa za mwanzoni mwa miaka ya 1900: Forodhani, Beit al Ajaib, wanawake na kanga zao. Nyengine zina majina ya wapiga picha wa hapahapa, A. C. Gomes, Coutinho, Pereira de Lord, watu wenye asili ya Goa. Tukazitia vioo, tukazitundika karibu na magauni. Wageni wakazipenda.

Boksi likaanza kuisha. Tukapiga nakala kwenye karatasi nene, nazo tukazitia vioo. Nakala shilingi 15,000, ya asili 150,000. Kuuza nakala si vibaya, maadamu mnunuzi anajua anachonunua.

Mwaka jana, kabla ya Ramadhani, kodi ya duka ilitukaba. Akaingia mama mmoja mgeni, akasimama mbele ya Beit al Ajaib. Ilikuwa nakala.

"Hii ni ya zamani?"

Tukamjibu, "Picha hii ina zaidi ya miaka mia."

Kweli tupu. Picha ya kale, karatasi ya juzi. Akalipa 150,000 bila kuomba apunguziwe, akatutajia na hoteli yake tukiwa tunamfungia.

Usiku ule hatukulala. Tulijitetea kuwa hatukusema uongo. Lakini alichouliza tulikijua, na tulichomficha tulikijua. Dini yetu inamtaka muuzaji aibainishe aibu ya bidhaa yake, hata kama mnunuzi hakuiona. Tukamkumbuka na mwalimu wetu wa ushoni. Gauni halitazami kwa nje, hulipindua aone mishono. Sisi tulimuuzia mtu kitu, tukaomba moyoni asikipindue.

Asubuhi tukaenda hotelini. Mmoja alishika pesa, mmoja akaeleza. Yule mama hakutushukuru. Alihesabu pesa zake, akaturudishia picha, akafunga mlango. Tulirudi kimya mpaka dukani. Mwenye nyumba tulimwomba muda, tukashona nguo za Sikukuu usiku na mchana, kodi ikapatikana, Alhamdulillah.

Siku hizi nyuma ya kila nakala tumeandika NAKALA kwa wino. Ya asili tunaitoa kwenye kioo, tunampindulia mnunuzi ajionee mambo matatu.

Kwanza, mgongo. Zamani upande wa nyuma ulikuwa wa anwani tu, na salamu ziliandikwa upande wa picha. Uingereza iliruhusu mgongo ugawanywe kwa mstari mwaka 1902, Ujerumani 1905. Kwa hiyo kadi yenye mstari wa kati hatumwambii mtu kuwa ni ya 1895.

Pili, kioo cha kukuzia. Nakala ya printa huonyesha vidoto vya rangi. Kadi nyingi nzuri za zamani zina chembe ndogo zisizo na mpango, kama mchanga.

Tatu, ile taa ya kukagulia noti bandia. Karatasi nyingi za siku hizi zimetiwa dawa ya weupe, hung'aa buluu chini ya taa. Ya zamani hubaki imefifia.

Tunauza kidogo kuliko mwanzo. Wapo wanaosikia neno nakala wakaondoka. Wanaobaki wanajua walichobeba, na sisi tunalala.

Nawe dada yetu, unayeuza udi, mapambo au maandazi: katika biashara yako kipo kitu unachoomba mteja asikipindue? Anza nacho hicho. Mwenyezi Mungu azitie baraka riziki zetu. Amin.