Namba ya OB

Jumatatu, 9 Juni 2025

Tangu asubuhi redio haina habari nyingine. Albert Ojwang', mwalimu wa miaka 31, amefia mikononi mwa polisi Nairobi. Walimkamata Jumamosi kwao Homa Bay, wakampakia garini mpaka kituo cha Central, na Jumapili akawa maiti. Polisi wanasema alijigonga kichwa ukutani mwa seli. Baba yake alisafiri kumfuata na hati ya shamba mkononi, akijua anakwenda kuweka dhamana. Chakula cha mchana kimenishinda. Namwona yule mzee kaunta, hati i kwenye bahasha, anamuulizia mwanawe.

Jioni amekuja mama mmoja wa mtaa wa chini. Kijana wake ni fundi wa simu. Usiku wa kuamkia leo alikuwa akifunga kibanda, gari la doria likasimama, akaambiwa apande, akauliza kosa lake. Marungu yalianzia hapo hapo barabarani. Asubuhi wamemtoa mlango wa nyuma, hakuna shtaka, hakuna karatasi. Majina yao siyaandiki humu, daftari hupotea.

"Mama, mlipewa namba ya OB?"

"Namba gani tena, mwanangu? Tuliambiwa tushukuru Mungu katoka."

Nimemwambia kesho kutwa tunakwenda wote watatu. Kesho kijana apumzike, lakini zile nguo asizifue. Shati na suruali zikae kwenye bahasha ya khaki, si mfuko wa plastiki. Damu ikifungiwa kwenye plastiki huoza, na kilichooza hakimsaidii mtu kortini.

Jumatano, 11 Juni

Watu wengi wanadhani askari mwovu huponea kortini, kwa wakili hodari au hakimu mwoga. Miaka niliyofanya kazi hii ya kuwasindikiza watu vituoni imenionyesha kwamba wengi wao huponea kaunta, siku ya kwanza, pale tukio lisipoandikwa. Kitabu cha matukio, yaani OB, ndicho mlango. Bila namba yake hupati P3 yenye mhuri, ile fomu ya polisi ambayo daktari hujaza majeraha, na bila P3 daktari ataandika "maumivu", akupe vidonge, urudi nyumbani. Na kitabu hicho kimewekwa mikononi mwa wale wale unaokwenda kuwashtaki.

Leo tumefika saa tatu. Afande wa zamu alimtazama kijana, mkono umening'inia kwenye kanga ya mamake, akauliza, "Huyu si alianguka na bodaboda?" Hakuna aliyekuwa amemtajia bodaboda. Kitabu kilikuwa wazi mbele yake, kile kikubwa chenye mistari myekundu pembeni, naye ameuweka mkono juu ya ukurasa mzima kama mwanafunzi anayeficha majibu. Nikamwambia kwa adabu kwamba tumekuja kuandikisha shambulio, kwamba tutangoja, na kwamba nimebeba maji na mkate. Tukakaa kwenye benchi. Mama alivuta tasbihi yake chini ya buibui.

Adhuhuri zamu ikabadilika. Akaingia konstebo kijana, huenda hajafikisha miaka mitatu kazini. Alisikiliza kisa chote bila kukatiza, akaandika mistari sita kwa mwandiko wa kusomeka, kisha akainakili namba kwenye kipande cha karatasi na kumpa mama. Hakusema neno. Mkubwa wake alikuwa amesimama nyuma yake akimtazama.

Namshukuru konstebo yule kwa moyo wangu wote. Lakini najiuliza, mama ambaye hakumkuta yeye kwenye zamu atafanyaje? Haki isingoje bahati ya zamu.

Nimerudi nikakuta Inspekta Jenerali wa Polisi, Kanja, amewaomba radhi maseneta kwa ile taarifa ya Ojwang' kujigonga ukutani. Wapasuaji wa maiti walishasema jana: majeraha ya kichwa, shingo iliyobanwa, michubuko mwili mzima. Ukuta haukabi mtu.

Alhamisi, 12 Juni

Daktari wa leo anaijua kazi yake. Alimvua kijana shati taratibu, akatoa rula, akapima kila alama na kuiandika kwa sentimita, upande wa mwili na umbali wake kutoka begani. Mgongoni akanionyesha kitu ambacho sasa nitakitafuta kila mara: mistari miwili ya wekundu inayokwenda sambamba, na katikati yake ngozi haina kitu. Rungu au fimbo likishuka kwa nguvu husukuma damu pembeni, ndiyo maana alama inakuwa mbili na si moja. Anayeanguka na pikipiki huchubuka, hachorwi reli mgongoni.

Picha ya eksirei imeonyesha mfupa wa mkono wa kushoto umevunjika, ule wa upande wa kidole kidogo. Daktari akanyanyua mkono wake mwenyewe mbele ya uso, kama mtu anayejikinga, akasema, "Huvunjika hivi." Ameyaandika yote kwenye P3. Mama alitaka kujua atalipa nini. Hakuna malipo, mama, fomu hii ni bure, na yeyote atakayekuomba hela niletee jina lake.

Nimepiga picha kila jeraha, na sarafu ya shilingi kumi pembeni ili ukubwa ujulikane. Kwenye ngozi nyeusi kama yetu wekundu huonekana kwa shida na hupotea mapema. Wiki ijayo mgongo ule utaonekana mzima kwa asiyejua.

Jumamosi, 14 Juni

Malalamiko yamefika ofisi ya IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi, hapa Mombasa na nimepewa nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Nimesoma tena Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Polisi ya 2011, nikamfafanulia kijana kwa sauti. Askari aanze kwanza na njia zisizo za nguvu. Nguvu ikibidi, ilingane na kosa na upinzani. Akimjeruhi mtu vibaya au kumuua, ni lazima taarifa iende mara moja kwa mkubwa wake na kwa IPOA. Na kifungu ninachokipenda kuliko vyote: kutumwa na mkubwa si utetezi. Kijana akaniuliza, "Sasa wao hawakufundishwa haya?" Walifundishwa.

Kuhusu Ojwang', IPOA wanasema mitambo ya kamera za Central ilichezewa. Mtu aliyejigonga mwenyewe, ya nini kufutiwa picha zake?

Jumatatu, 23 Juni

Miaka tisa leo tangu wakili Willie Kimani, mteja wake Josephat Mwenda na dereva wao Joseph Muiruri watekwe wakitoka korti ya Mavoko. Kila mwaka tarehe hii huwa nasimama kidogo, kwa sababu kosa la Mwenda lilikuwa ni hili hili ninalowahimiza watu wafanye. Alikuwa mwendesha bodaboda. Askari alimpiga risasi mkononi mwaka 2015, akaenda kulalamika IPOA. Malipo yake yakawa kesi za kubambikiwa, mpaka siku ile walipochukuliwa wote watatu na kufungiwa kambi ya polisi wa utawala Syokimau. Kimani aliandika ujumbe wa kuomba msaada kwenye karatasi ya chooni, akautupa nje, mpita njia akauokota. Miili yao ilitolewa mtoni, Ol Donyo Sabuk, imetiwa magunia.

Hukumu ilitoka Februari 2023. Jaji Jessie Lessit alimhukumu askari Fredrick Leliman kifo, wenzake wawili wa polisi miaka 30 na 24, na mpasha habari wao miaka 20. Karibu miaka saba kwa kesi iliyokuwa na mawakili wa nchi nzima nyuma yake.

Mama amenipigia simu jioni. Ameisikia habari hiyo redioni, anauliza kama mwanawe yuko salama. Sikumdanganya. Nimemwambia kijana alale kwa shangazi yake upande wa pili wa feri, na kibanda kifungwe kabla ya magharibi.

Alhamisi, 26 Juni

Jana ilikuwa kumbukumbu ya maandamano ya 25 Juni mwaka jana, na vijana wengine wamekufa barabarani. Simu haijapumzika. Kwa kila anayepiga nasema maneno yale yale: nenda hospitali kwanza, hifadhi nguo, andika saa, tafuta nani aliona.

Jumanne, 1 Julai

Wazee wawili wamekwenda kwa mama na bahasha. Hawakusema imetoka kwa nani. Walisema polisi ni watoto wetu pia, na kesi itawachosha, achukue cha matibabu yaishe. Mama aliwapa chai, akawarudishia bahasha ilivyo. Amenieleza haya huku akitetemeka kwa hasira, si kwa woga.

"Mkono wa mwanangu wameupangia bei kabla haujaunga!"

Nimemhadithia ya binti wa Kinango, wa miaka 14, aliyepigwa risasi ndani ya nyumba yao Agosti 2014. Polisi walisema aliwatokea na panga. Familia masikini, kijiji cha ndani Kwale, nani angewasikiliza? Februari 2016 Mahakama Kuu Mombasa iliwafunga maafisa wawili miaka saba saba kwa kuua bila kukusudia. Ilikuwa kesi ya kwanza IPOA kuishinda. Miaka saba kwa uhai wa mtoto ni michache mno, na nitasema hivyo popote. Lakini walifungwa, na hadithi ya panga haikuwaokoa.

Jumanne, 8 Julai

Ojwang' alizikwa Ijumaa. Watu sita wanakabiliwa na shtaka la mauaji yake, askari watatu na raia watatu. Kesi imefika hapo kwa sababu nchi nzima ilipiga kelele na wapasuaji walisema walichokiona. Sheria ya kuunda ofisi huru ya kuchunguza vifo vya namna hii ilipitishwa 2017, na mpaka leo ofisi yenyewe haipo. Miaka minane! Ingekuwapo, baba asingehitaji hasira ya taifa zima ili ajue mwanawe alikufaje.

Jana, kwenye maandamano ya Saba Saba, damu tena. Sina nguvu ya kuyaandika yote usiku huu.

Kwetu limetokea jambo. Mwanamke anayekaanga viazi karai mkabala na kibanda cha kijana alikuwa na taa yake usiku ule, na aliona. Majuma yote haya amekuwa akiniambia hakuona kitu. Leo alinifuata mwenyewe, akakaa kwenye ngazi, akanitajia namba tatu za mwisho za gari la doria na jina ambalo askari mmoja aliitwa na mwenzake. Ana watoto wanne na anauza barabara ile ile magari yanapopita kila usiku. Nimemweleza kwamba iko mamlaka ya kulinda mashahidi na anaweza kuiomba. Nimemweleza pia kwamba anaweza kukataa, na nitamheshimu vile vile.

Amesema atatoa ushahidi kesho, lakini tuondoke mapema kabla mumewe hajaanza kumrudisha nyuma. Tumekubaliana nimpitie baada ya swala ya alfajiri, twende na feri ya kwanza tutakayoiwahi.