Safari ya Shinyanga na Ngitili ya Mjomba

Mwezi wa Septemba nilipata ruhusa ya siku nne, nikaenda kumsalimu mjomba wangu huko Shinyanga. Nilipanda basi Geita, tukashika njia ya Kakola na Bulyanhulu mpaka Kahama. Ukipita njia hiyo, kaa dirishani. Utaona maduara ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, na kando yake marundo ya magogo. Magogo hayo huitwa matimba. Ndiyo yanayozuia kuta zisiwaangukie watu walio chini. Duara moja refu hula miti mingi sana. Nalo likiachwa, hubaki wazi. Mvua ikinyesha maji huingia, udongo hulegea, kingo hubomoka.

Basi, nilipofika kwa mjomba nilikuta lori mlangoni. Mfanyabiashara amekuja kununua miti ya ngitili yake, aipeleke machimboni. Bei ilikuwa nzuri, na mjomba ana watoto wawili sekondari.

Kwa msomaji asiye Msukuma: ngitili ni eneo linalofungwa mvua zinapoanza, ng'ombe wasiingie, majani yakue yawafae kiangazi. Ni desturi ya wazee, lakini ilikaribia kufa. Tangu miaka ya 1920 mapori yalifyekwa kuwaua mbung'o, yakafyekwa tena kwa ajili ya pamba, na watu walipohamishiwa vijijini miaka ya 1970 wengi waliziacha ngitili zao nyuma. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Wakati huo zilibaki ngitili za hekta 600 hivi. Miaka ya 2000 ilipoanza zilikuwa zimepita hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800, na mwaka 2002 kazi hiyo ilipewa tuzo ya Umoja wa Mataifa. Walioilinda ni wanakijiji wenyewe. Aliyeingiza ng'ombe kwa wizi alitozwa faini mbele ya dagashida.

Mjomba alinipeleka tuione. Upande mmoja wa njia, shamba tupu lenye korongo linalonifika kifuani; maji ya mvua hayapati kitu cha kuyapunguza mwendo, hukimbia na udongo. Upande wa pili, ngitili. Nilichimbua kwa kidole chini ya majani, nikakuta udongo mweusi, laini. Mvua ile ile, msomaji, huku ni mafuriko, kule ni maji ya kisima.

Mwezi wa Machi 2015, mvua ya mawe na upepo iliua watu wapatao 40 huko Mwakata, wilaya ya Kahama, nyumba zao za udongo zikiwaangukia. Sisemi miti ingezuia mawe yasianguke. Lakini upepo unaovuka uwanda mtupu huifikia nyumba na nguvu zake zote.

Tuliporudi, mke wa mjomba alikuwa akipepeta mahindi. Zamani aliamka usiku kufuata kuni. Sasa huokota matawi makavu ngitilini na kurudi kabla ya uji kupoa. Hakuinua macho.

"Mwambie achukue na ng'ombe kabisa," alisema. "Mwezi ujao watakula nini?"

Mjomba alicheka, kisha akanyamaza. Lori liliondoka tupu. Ila mfanyabiashara alisema atapita tena Jumatatu, na ada za shule bado hazijalipwa.