Harajuku, Kule Vijana Wanakataa Kufanana

Kama siku moja unafika Tokyo, muji mukubwa wa Japani, panda ile gari ya moshi inayozunguka katikati ya muji, jina lake Yamanote, na ushuke fasi inayoitwa Harajuku. Ukitoka kituoni simama kwanza. Upande mumoja utaona pori: ni miti karibu 100.000 ambayo watu wa pande zote za inchi walitoa ili ipandwe kuzunguka hekalu la mufalme wao Meiji, lililomalizika mwaka wa 1920. Kule ni kimya, watu wanatembea polepole. Upande wa pili, ukivuka barabara, iko njia nyembamba ya Takeshita. Urefu wake ni metre 350 tu, lakini siku ya posho na siku ya Mungu inajaa watu kama soko la Kenya kule Lubumbashi siku ya kulipwa mushahara. Shikilia sakoshi yako, na ufungue macho.

Utaona musichana amevaa kanzu pana kama binti wa mufalme wa Ulaya ya zamani, na dantela, kofia ya kufunga chini ya kidevu, soksi mpaka magoti, na mwavuli hata kama mvua haiko. Mavazi yale wanayaita Lolita. Usishituke juu ya jina. Wengi wanaoyavaa wanasema wanajifunika tangu shingo mpaka miguu kwa kujipendeza wao wenyewe, hapana kwa kuita macho ya wanaume. Karibu naye utaona mwingine amepanga nguo ine ao tano za rangi mbalimbali moja juu ya ingine, na vitu vidogo vya plastiki, vya kuchezea watoto, vimejaa katika nywele. Kijana mwanaume atapita na nywele za rangi ya majani mabichi, na hakuna mutu anayemugeukia.

Sasa, usirudi nyumbani ukisema: «Wajapani wote wanavaa hivi.» Kesho yake, siku ya kwanza ya kazi, panda tena ile gari ya moshi saa mbili ya asubui. Utaona Japani ingine. Wanaume wamevaa kostime nyeusi ao ya bulu, viatu vinang'aa. Watoto wa masomo wamevaa iniforme, sakoshi za namna moja. Gari imejaa sana, watu wanasukumana, lakini hakuna anayezungumuza kwa telefone, juu ni haya kusumbua wengine. Wazee wetu wa Musoshi na Kasumbalesa wanakumbuka Wajapani waliokuja miaka ya 1970 kuchimba shaba yetu. Jambo ambalo hawakuweza kuona kule Musoshi ni vita ya kimya inayokuwa katika nyumba za Japani kati ya muzazi na mutoto juu ya nywele, urefu wa jipe, na pete ya masikio. Wazazi wa hapa kwetu, munaijua ile vita.

Wajapani wana mezali moja ambayo kila mutoto anaisikia: kigingi kinachotokeza kinapigwa nyundo. Maana yake, usijitenge na wenzako, watakupiga mpaka ulingane nao. Tena wana neno lingine, «kusoma hewa». Ukiingia mahali, unapaswa kujua bila kuambiwa kile watu wanachotaka, na kukifanya. Mutu asiyejua kusoma hewa anaonekana kama mutu asiyekomaa. Tusicheke. Kwa sababu ya tabia ile, muji wa mamilioni ya watu unatembea bila fujo, na mutu akisahau sakoshi yake katika gari ya moshi, mara nyingi anaikuta. Lakini kitu kile kile kinaweza kumuminya mutoto wa miaka kumi na tano mpaka akose pumuzi.

Jambo hili ni la zamani. Wakati wa utawala wa Edo, kati ya 1603 na 1868, wakubwa walitoa amri juu ya mavazi: wachuruzi, hata kama wana mali mingi, hawakuwa na ruhusa ya kuvaa hariri nzuri na rangi kali mbele ya watu. Wachuruzi walifanya nini? Walivaa inje nguo ya kahawia ao ya majivu, na ndani, pale ambapo askari hawezi kuona, wakashona hariri yenye picha nzuri sana. Watengenezaji wa rangi nao walibuni aina mingi za kahawia na za majivu, kila moja na jina lake, mpaka watu wakasema kwamba iko kahawia arobaini na nane na majivu mia moja. Unaona: amri ilibana, na watu wakapata mulango mudogo.

Iniforme ya masomo ilikuja nyuma. Kwa wanaume ilianza mwaka wa 1879 katika masomo ya wana wa wakubwa kule Tokyo, ikifuata nguo za jeshi la Ulaya: koti ya kola ya kusimama. Ya wasichana ni nguo ya baharia, na hapa sisi watu wa kanisa tusikilize vizuri, kwani ni masomo ya kanisa yaliyokuwa ya kwanza kuileta, kule Kyoto, Nagoya na Fukuoka, karibu na mwaka wa 1920 na 1921. Kule Fukuoka direktere alikuwa mumisionere Mumetodiste wa Amerika, Elizabeth Lee. Kwa wakati ule iniforme ile ilikuwa kama kufungua dirisha: musichana aliacha kimono iliyomufunga miguu na mukaja wa kubana tumbo, akaweza kukimbia na kucheza mupira. Wakristo katika Japani ni karibu mumoja tu kwa watu mia moja, lakini nguo waliyoileta ilienea inchi nzima. Miaka mingi kiisha, ile dirisha ikageuka ukuta.

Turudi Harajuku. Kiisha vita, Waamerika walijenga karibu na pale nyumba za familia za askari wao, na magazini ya vitu vya kigeni ikafuata. Mwaka wa 1964 nyumba zile zikawa kijiji cha wachezaji wa Olimpiki. Vijana wakaanza kuja kuona wageni na kuvaa kama wao. Tangu 1977 serikali ya muji ilifunga barabara kubwa ya pale kwa motokari kila siku ya Mungu, watu watembee kwa miguu. Basi vijana walileta radio kubwa za kaseti, wakafanya muduara, wakacheza. Karibu na 1980 kulikuwa kundi lililovaa nguo pana za rangi ya kung'aa, wakaitwa «kabila la Takenoko», kwa jina la magazini iliyowauzia, na takenoko ni chipukizi la muanzi. Watu walikuja kuwatazama kama vile tunaenda kutazama mupira. Mwaka wa 1998 barabara ile ilifunguliwa tena kwa motokari, na michezo ikaisha.

Miaka ile ya 1990 ilikuwa miaka ya shida kule. Uchumi ulianguka, makampuni yaliyoahidi kazi ya maisha yote yakaanza kupunguza watu. Sisi wa Katanga hatuhitaji kuelezwa maana yake. Mutoto aliyemuona baba yake akitii miaka makumi tatu, kiisha akafukuzwa, aliuliza: kutii ni kwa faida gani? Pale Shibuya, karibu na Harajuku, wasichana wa sekondari wakaanza kukata jipe za iniforme, kupaka nywele rangi ya kahawia, na kuvaa soksi kubwa nyeupe zinazoanguka kama kanzu ya mutu aliyekonda. Ili soksi zisishuke kabisa walizibandika kwenye muguu kwa gundi, na gundi ile iliuzwa kwa kazi hiyo tu! Karibu na 1999 wamoja walienda mbali zaidi: walichoma ngozi yao kwa taa mpaka ikawa nyeusi-kahawia, wakapaka nyeupe kuzunguka macho na midomo. Japani inasifu ngozi nyeupe ya mwanamuke tangu zamani. Walikamata sifa ile na kuipindua. Sisi ambao dada zetu wanaharibu ngozi kwa dawa za kujigeuza weupe, tungekaa na wale wasichana siku moja, mazungumuzo yangekuwa marefu.

Lakini kuna jambo moja la kuchekesha, na magazeti ya mitindo hayalisemi sana. Kijana anakimbia iniforme ya masomo, anaingia katika kundi, na kundi linamupa iniforme ya pili. Katika wale wa Lolita iko kanuni: soksi gani na kiatu gani, urefu gani wa kanzu, na ole wako ukivaa dantela ya bei ya chini. Hata wasichana ambao masomo yao hayana iniforme, wamoja wanaenda magazini kununua iniforme ya uongo, ili wasikose kufanana na wenzao. Na mwenye magazini anacheka, makuta yanaingia. Mimi simuhukumu kijana juu ya hayo. Kusimama peke yako kabisa ni kuzito, hata mutu muzima anatafuta wawili watatu wa kusimama naye. Wacheza mavazi wetu wa Kinshasa, wale wa sape, wanajua hiyo vizuri. Tena wanapenda sana nguo za Yohji Yamamoto, mushonaji wa Tokyo, na marehemu Papa Wemba, aliyekufa 2016, alikwenda kuimba mpaka kule Japani. Na inchi yetu pia iliwahi kuvalishwa nguo moja kwa amri: tangu mwanzo wa miaka ya 1970 mpaka 1990 kravati ilikuwa makosa, abacost njo nguo ya mwanaume.

Sasa nikupe habari isiyochekesha. Kule Osaka, musichana mumoja wa sekondari ya serikali alisema kwamba nywele zake ni za kahawia tangu kuzaliwa. Waalimu hawakusadiki. Kila mara walimuambia azipake nyeusi, na zikififia, apake tena. Ngozi ya kichwa ikaumia. Mwaka wa 2016 aliacha kufika masomoni. Wakaondoa meza yake katika kelasi, na jina lake katika liste. Mwaka wa 2017 alipeleka jambo mbele ya tribinali, na mwaka wa 2021 hukumu ikatoka: kanuni ya nywele nyeusi si kinyume cha sheria, lakini kuondoa meza na jina la mutoto ni kosa, alipwe yen 330.000. Wengi walikasirika juu ya nusu ya kwanza ya hukumu ile. Inchi nzima ikaanza kuzungumuza juu ya «kanuni nyeusi» za masomo: prefe wanaotaka karatasi iliyosainiwa na wazazi ili kuhakikisha rangi ya nywele, wamoja wanataka na picha ya mutoto akiwa bado muchanga, masomo yanayochagua mpaka rangi ya nguo za ndani. Tangu mwezi wa ine 2022, sekondari za serikali ya Tokyo, karibu 200, ziliacha kanuni hizo.

Na wale walioshinda wanavaa namna yao, wanakuwa watu gani? Misako Aoki ni mumoja wao. Ni infirmiere, ndani ya juma alivaa nguo nyeupe ya hospitali, na siku zingine Lolita mbele ya wapiga picha. Mwaka wa 2009 wizara ya mambo ya inje ya Japani ilimuchagua pamoja na wasichana wawili wengine kupeleka mitindo ya vijana katika inchi za kigeni. Kigingi kilichotokeza kikawa balozi! Wengi zaidi hawapati bahati hiyo. Wakikaribia kumaliza iniversite, wakati wa kutafuta kazi, wanapaka nywele nyeusi tena, wananunua kostime nyeusi, wote ya namna moja, na wanakaa kwenye kiti mbele ya kampuni mikono juu ya magoti.

Leo Harajuku imebadilika. Kituo cha zamani cha mbao, cha mwaka wa 1924, kilibomolewa 2020. Gazeti FRUiTS, ambalo Shoichi Aoki alianza 1997 kwa kuchapa picha za vijana wa njia zile, liliacha kutoka 2017. Alisema hapati tena vijana wa kupiga picha. Nguo za bei ndogo zimeenea, na watalii wamejaa kupita wenyeji.

Lakini wazee wa pale watakuambia namna ilivyokuwa jioni, miaka ya kujaa kwake. Wasichana walitoka mbali, Saitama, Chiba, na valizi ndogo mukononi, wakifika asubui katika nguo za kawaida na kuvaa zile zingine katika choo cha kituo. Jua likishuka, waliingia tena chooni. Walivua dantela, wakaikunja vizuri isiharibike, wakaosha uso, wakafunga nywele. Walitoka mumoja mumoja, jipe ya bulu, soksi nyeupe, na wakapanda gari ya moshi kurudi kwa mama. Valizi iliwekwa kati ya miguu, imefungwa.