Sangara wa Majanji: Siku ya Mapumziko Ziwani kwa Familia ya Mpakani

Mji wa Tororo hujulikana kwanza kwa mwamba wake. Mwamba huo, ambao kilele chake kina urefu wa meta 1,483 juu ya usawa wa bahari, umesimama peke yake kando ya mji kama askari wa zamu asiyebadilishwa. Apandaye hadi juu siku ya hewa safi huuona Mlima Elgon upande wa kaskazini na nchi ya Kenya upande wa mashariki. Kusini, mbali kabisa, huonekana mng'aro wa maji. Maji hayo ni Ziwa Viktoria.

Watu wengi wa Tororo, Malaba na Busia wanayajua vizuri mambo ya nchi kavu: kiwanda cha saruji, reli ya kwenda Kampala, na misururu ya malori yangojayo kuvuka mpaka. Lakini ni familia chache ambazo zimepata kuwapeleka watoto wao ziwani kwa mapumziko, ingawa safari yenyewe si ndefu wala haihitaji mali nyingi. Askari apatapo likizo fupi hukaa kambini au hukimbilia mjini, na fedha zake huishia huko. Yafaa basi kuieleza safari hiyo, pamoja na aina moja ya uvuvi inayoweza kufanywa na baba, mama na watoto ndani ya chombo kimoja, yaani uvuvi wa kukokota mshipi.

NJIA YA KWENDA MAJI

Kutoka Tororo msafiri hushuka kusini mpaka Busia. Mji huu ni mmoja kwa sura lakini ni wa nchi mbili kwa sheria. Kabla ya mwaka 1902 hapakuwa na mpaka hapa, kwani Uganda ilienea mashariki mpaka upande wa Naivasha. Mwaka huo Waingereza waliukata mkoa wa mashariki na kuutia katika nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya. Wasamia na Wateso wakajikuta wako pande zote mbili, na hata leo si ajabu mtu kulala Uganda na kwenda kumzika shangazi yake Kenya. Tangu mwaka 2018, kituo cha mpakani cha Busia kimekuwa na utaratibu rasmi wa kumhudumia msafiri mahali pamoja badala ya kumsimamisha mara mbili.

Msafiri asiyevuka mpaka hufuata barabara ya Lumino hadi Majanji, mwalo wa Uganda ulio katika wilaya ya Busia. Wilaya hiyo ilikuwa sehemu ya Tororo hadi mwaka 1997. Upande wa Kenya, barabara ya Funyula huelekea Sio Port, na mbele zaidi kuna Port Victoria, nchi ya Wabanyala. Kati ya pande hizo hupita Mto Sio, ambao ni mpaka kwa sehemu ya safari yake, kisha huingia ziwani. Mbali majini vipo visiwa vya Sigulu, ambavyo ni vya Uganda.

Juu ya maji hakuna ua wala jiwe la mpaka. Wavuvi wa pande zote mbili wamewahi kukamatwa kwa kosa la kuvuka mstari usioonekana kwa macho. Familia iliyo matembezini haina sababu ya kujiingiza katika matatizo hayo. Ikitoka Majanji na ibaki katika maji ya Majanji, na nahodha awe mwenyeji wa mwalo huo huo. Raia atakaye kuvua upande wa pili na apite kituoni na kitambulisho chake. Na aliye askari apate kwanza ruhusa ya mkuu wake, aache sare na silaha kambini, aende kama mgeni mwingine yeyote.

SAMAKI ALIYELETWA NA WATU

Katika nchi za baridi, familia hukokota mishipi katika maziwa makubwa kutafuta salmoni na trauti. Samaki hao hawaishi katika maji ya uvuguvugu ya Ziwa Viktoria. Trauti waliletwa Kenya mwaka 1905 na kutiwa katika mito ya milimani yenye maji baridi, na huko ndiko walikostawi. Katika ziwa letu mfalme wa mshipi ni sangara, ambaye Waganda humwita mputa na Wakenya wa ziwani humwita mbuta. Aweza kufikia urefu wa karibu meta 2 na uzito wa kilo 200, ingawa siku hizi wakubwa wa namna hiyo ni nadra.

Vijana wengi hudhani sangara amekuwamo ziwani tangu kuumbwa kwa dunia. Sivyo. Alitiwa humo na watu katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, akitolewa katika maziwa mengine, hasa Ziwa Albert. Waliomleta walitaka awale samaki wadogo wenye miiba, waitwao fulu au nkejje, nao wageuke kuwa nyama nyingi ya samaki mmoja mkubwa. Walitaka pia wapenda mchezo wa ndoana wapate samaki wa kupambana naye.

Mambo kama hayo yalifanyika hata Marekani. Mwaka 1966 jimbo la Michigan lilianza kutia salmoni kutoka upande wa Bahari ya Pasifiki katika Ziwa Michigan, ili wale samaki wadogo wa kigeni waliokuwa wameongezeka kupita kiasi. Familia zinazokokota mishipi huko leo hufuata samaki aliyeletwa kwa mikono ya watu, sawasawa na familia iliyo Majanji.

Lakini sangara alidai bei yake. Katika miaka ya 1980 aliongezeka kwa nguvu, na aina nyingi za fulu, zinazokadiriwa na wataalamu kufikia 200, zilitoweka. Upande mwingine alileta fedha: viwanda vya minofu vilijengwa kandokando ya ziwa na samaki akapelekwa Ulaya. Kisha nyavu za macho madogo na makokoro yakazidi, sangara wakubwa wakapungua, na baadhi ya viwanda vikafungwa kwa kukosa samaki. Yule aliyeletwa na watu sasa anaweza kumalizwa na watu.

JINSI YA KUKOKOTA MSHIPI

Kazi yenyewe si ngumu kueleweka. Chombo chenye injini hutembea polepole, kwa mwendo wa mtu atembeaye kwa haraka, na mishipi huburutwa nyuma yake. Mwisho wa kila mshipi hufungwa chambo bandia cha mti au plastiki, kilichochongwa kama samaki mdogo. Kikivutwa hupiga mbizi na kutikisika, na sangara aliye chini hudhani ni samaki aliyejeruhiwa. Mshipi huachiwa kiasi cha meta 30 hadi 50 ili samaki asitishwe na mlio wa injini.

Mishipi miwili inatosha chombo kimoja. Mitatu ni mingi, na minne ni vita. Nahodha mzuri hupitisha chombo kando ya miamba na mahali ambapo kina hubadilika ghafla, maana huko ndiko sangara ajifichako. Huepuka vilevile maboya ya nyavu za wavuvi, kwani wavu wa mtu ni shamba lake. Wakati ulio bora ni alfajiri na jioni, lakini kwa familia alfajiri ndiyo ifaayo, kwa sababu alasiri upepo wa ziwani huamsha mawimbi.

Asiye na fimbo ya kuvulia aweza kutumia mshipi mnene uliozungushwa katika kipande cha mti. Hapo lipo jambo moja la kukumbuka: mshipi usizungushwe mkononi hata kidogo. Samaki wa kilo 20 akivuta ghafla hukata vidole kama kisu. Avaaye glavu au afungaye kitambaa kizito kiganjani ametumia akili.

Samaki akishika, nahodha hupunguza mwendo, na mishipi mingine huvutwa ndani upesi isije ikasokotana. Sangara huruka juu ya maji akitikisa kichwa na kufungua kinywa ili aiteme ndoana. Avutaye na asilegeze wala asilazimishe. Ni mchezo wa kupokezana: samaki akivuta apewe, akichoka avutwe. Mtoto wa miaka 12 aliyeshikwa kiuno na baba yake aweza kumchosha samaki mzito kuliko mdogo wake aliyebaki nyumbani.

MTIHANI WA RULA

Mtihani wa siku hiyo, hata hivyo, huja baada ya furaha. Tuseme samaki wa kwanza ana urefu wa sentimita 40. Watoto wanapiga makofi, mama amekwisha fungua kapu. Nahodha anamlaza samaki juu ya ubao wenye alama na kutikisa kichwa.

"Afande, huyu bado mtoto," asema.

"Lakini baba, si tumemvua sisi wenyewe?" auliza kijana.

Kipimo cha chini cha sangara kilichowekwa ziwani ni sentimita 50. Sababu yake ni rahisi: aliye chini ya hapo kwa kawaida hajapata kuzaa. Majike huchelewa zaidi kukomaa kuliko madume, na jike kubwa hutaga mayai kwa mamilioni. Kwa ajili hiyo uliwekwa pia mpaka wa juu wa sentimita 85, ili mama wa ziwa wasimalizwe. Juu ya hao wakubwa, sheria za nchi zinazolimiliki ziwa zimetofautiana nyakati mbalimbali. Kwa hiyo ni wajibu wa mgeni kuuliza mwaloni kabla ya kuondoka, na kuuliza pia ruhusa ipasayo kwa uvuvi wenyewe.

Ni rahisi kusema kwamba samaki mmoja hapunguzi ziwa. Kila mwenye kokoro amesema hivyo hivyo. Na iwapo baba ni mtu wa sheria, jambo ni zito zaidi. Mwaka 2017 jeshi la Uganda lilitumwa ziwani kukomesha uvuvi haramu. Nyavu na mitumbwi isiyoruhusiwa iliteketezwa. Wapo waliosifu, wakisema samaki wamerudi. Wapo waliolalamika juu ya ukali uliotumika na watu waliobaki bila kazi. Mvuvi aliyechomewa wavu wake atamtazama kwa makini askari aliye mapumzikoni, aone anatia nini katika kapu la mkewe. Akimwona anabeba mtoto wa samaki, hakuna hotuba itakayomfanya aiheshimu sheria tena.

Basi jibu la baba liwe fupi: "Tumemvua, na sisi ndio tutakaomrudisha." Mikono ilowanishwe kwanza, ndoana itolewe taratibu, naye samaki ashikiliwe majini mpaka ajiondokee kwa nguvu zake. Aliyevuliwa karibu na uso wa maji ana nafasi nzuri ya kuishi.

SARE HAIELEI

Ziwa Viktoria lina eneo la kilometa za mraba 68,800. Si bwawa la kuchezea. Dhoruba zake hutokea ghafla, nalo humzamisha mwenye cheo kama asiye na cheo. Kila aingiaye chomboni, kuanzia mtoto mdogo mpaka nahodha, na avae jaketi la kuokolea tangu pwani, wala si kulikalia kama mto. Ikiwa majaketi hayatoshi, watu wapunguzwe au safari iahirishwe. Wingu jeusi likionekana, chombo kirudi, hata kama samaki ndio wameanza kula.

Mama wa nyumbani akumbuke maji ya kunywa yaliyochemshwa, kofia na nguo za mikono mirefu. Watoto wasichezee maji ya ukingoni yenye majani, kwa maana huko ndiko waishiko konokono waenezao kichocho. Watakaolala ziwani wachukue vyandarua.

KITOWEO CHA KURUDI NACHO

Ikiwa bahati imekuwapo, familia itarudi na sangara wa halali. Atolewe matumbo mapema na kufunikwa penye kivuli. Nyama yake ni nyeupe, haina miiba midogo mingi, hivyo yafaa kwa watoto. Kwa kuwa ana mafuta yake mwenyewe, hahitaji mafuta mengi ya kukaangia. Vipande hupakwa chumvi na ndimu, hukaangwa kidogo, kisha hutiwa katika mchuzi wa nyanya na vitunguu na kuliwa kwa ugali wa mtama au wa muhogo, kama ilivyo desturi ya Wasamia. Kichwa kisitupwe: supu yake humshibisha hata mgeni aliyekuja bila taarifa.

Na iwapo kapu limerudi tupu, safari haikupotea. Watoto watakuwa wameuona Mto Sio ukiingia ziwani na maji ya nchi mbili yakichanganyika bila pasi. Watakuwa wamemwona baba yao akitii kipimo mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kumlazimisha. Samaki yule wa sentimita 40 atakuwa angali majini akikua, na huenda akavuliwa mwaka mwingine na mtoto wa Majanji, au wa Sio Port, akiwa amekwisha kuliachia ziwa uzao wake.